Benchi la Wasiotia Sahihi

Bwera haikosi watu wanaojua kuandika. Siku hizi kuna hata vijana wenye kompyuta na mashine za kuchapa, wamejipanga kando ya barabara inayoshuka forodhani Mpondwe. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini, mtu aliyenunua shamba hakupata usingizi mpaka Mzee Nobert Baluku amwandikie karatasi. Wachache walijaribu kumkwepa ili wasimpe mguu wa mbuzi, ambao ndio uliokuwa ujira wake. Mwaka haukuisha kabla hawajarudi uani kwake, wamenuna, jirani ameshasogeza mpaka.

Nobert hakuwa wakili, na sekondari hakuimaliza. Mwandiko wake aliutoa Kilembe, kwenye machimbo ya shaba, alikokuwa karani wa zamu enzi za ujana wake. Kila alfajiri aliandika majina ya watu waliokuwa wakiingia chini ya mlima, na walipotoka aliyakagua moja moja. Jina likikosa mwenyewe, watu walirudi ndani kumtafuta. Kazi ile ilimfundisha Kiswahili, kwa kuwa mgodini walijaa watu wa kila kabila, na ilimtia imani moja ambayo hakuiacha tena: kwamba mtu akiandikwa amesalimika. Mgodi ulipofungwa alirudi kwao na daftari zake, akamwoa Alisi, akapanda kahawa, akachaguliwa katibu wa kijiji. Ukatibu aliuacha zamani, lakini watu hawakumwacha yeye.

Utaratibu wake ulijulikana. Kwanza alitoa nje benchi refu la mbao za mvule, akaliweka mbele ya meza. Hapo aliwaketisha muuzaji, mnunuzi, majirani wa pande zote nne, mke wa muuzaji, watoto wake wakubwa, na kama kulikuwa na shangazi aliyewahi kulima mihogo pale miaka ishirini iliyopita, shangazi naye aliitwa. Kila mmoja alitia sahihi. Asiyejua kuandika alibonyeza kidole gumba kwenye wino. Mbuzi hakuliwa mpaka kila mkono umepita kwenye karatasi, na Nobert alikuwa mkali kwelikweli hapo. Alishawahi kumnyang'anya diwani sahani.

"Kila anayeguswa na karatasi, aiguse karatasi," ndivyo alivyosema, na alisema mara nyingi mno hata wajukuu wakawa wanamwiga, wamekunja nyuso na kushika vijiti kama kalamu.

Na kwa mambo ya kuuziana ardhi mzee alikuwa amepatia. Aliyetia sahihi mbele ya jirani zake na kula nyama hawezi kuja kesho kusema hakujua. Mikataba yake ilisimama yote, na yeye alijivuna nayo kupita kidogo inavyompasa mzee wa kanisa.

Mambo ya wasia yalikuja baadaye. Zamani pale kwetu mtu akitaja wasia, mkewe aliangua kilio, na ndugu walianza kuulizana nani amemroga. Ugonjwa wa korona ndio uliowatoa watu haya. Walipoona wenzao wanachukuliwa na kuzikwa bila hata kuaga, wazee wakaanza kuja kwa Nobert mmoja mmoja, wakijidai wamepita tu kumsalimia. Wangezungumza habari za mvua, za bei ya vanila, na chai ikishakwisha ndipo wangesema, "Sasa Baluku, kama ikitokea…" Nobert aliinuka bila kuuliza ikitokea nini, akaenda kuchukua kalamu. Kwa jumla aliandika wasia kumi na moja. Aliziandika kama alivyoandika mikataba, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Alitoa benchi, akawaketisha wote watakaopewa kitu, wakatia sahihi chini kabisa ya ukurasa, chini ya neno MASHAHIDI.

Wa kwanza kuandikiwa alikuwa rafiki yake wa toka mgodini, Sunday. Figo zilikuwa zimemchosha Sunday, miguu imevimba, na kwa miaka mitatu aliyekuwa akimwogesha, kumpikia na kumsindikiza kliniki alikuwa dada yake, Docus. Docus alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, huko Beni. Mume alipomfukuza kwa kukosa kuzaa alirudi kwa kaka yake na furushi moja la nguo na Kiswahili cha kule. Sunday alikuwa na wana watatu wakubwa, wote wana kwao. Aliwagawia nyumba na mashamba ya bondeni. Shamba la kahawa la Kyondo, juu mlimani, alimpa Docus.

Siku ile ya kutia sahihi Nobert aliikumbuka vizuri, kwa kuwa ilikuwa siku ya furaha. Docus alikuwa amejifunza kuandika jina lake ukubwani, kwenye darasa la kanisa kule Beni, na hakuwahi kupata mahali pa kuliandika. Kidau cha wino kilipoletwa alikisukuma pembeni.

"Mi hapana tia kidole," alisema. "Jina yangu naiandika mwenyewe."

Watu walicheka kwa upendo. Nobert akamkabidhi kalamu yake mwenyewe, ile nzito ya wino wa buluu ambayo hakumpa mtu, akamwambia aanze yeye. Docus akainama, ulimi nje, akaandika herufi tano kubwa. Wana wa Sunday wakafuata. Mbuzi akaliwa.

Sunday alifariki kabla ya mwaka kwisha. Wanawe walikaa kimya msimu mmoja, wakavuna kahawa ya bondeni, kisha wakaenda mahakamani. Docus aliitwa mjini Kasese mara tatu, na mara ya tatu alirudi bila shamba.

Nobert alimwendea siku hiyohiyo. Alimkuta ameketi mlangoni, mikono mapajani. Alipomuuliza wamesema nini, Docus alijibu, "Banasema sheria iko vile," na zaidi ya hapo hakutoa neno. Basi Nobert akawaka. Akawatukana wana wa Sunday, akaitukana sheria, akaapa kwamba kuna mtu kala rushwa, maana karatasi yenye sahihi zote zile itaangukaje? Docus alimwachia aseme mpaka alipochoka. Baada ya wiki mbili alihama, akapanga chumba karibu na soko la Mpondwe, akawa anauza unga wa muhogo. Walipokutana sokoni alimsalimu kwa heshima kama siku zote, lakini macho aliyaweka chini. Nobert alidhani ni huzuni ya shamba.

Miaka miwili ikapita hivyo.

Kisha Nobert mwenyewe akaanguka. Alikuwa akianika kahawa, mara ua mzima ukazunguka machoni pake, na alipopata fahamu alikuwa zahanati, binti yake Mbambu amekaa kitako pembeni yake akimpepea na khanga. Muuguzi, Gorret, alimwambia ni presha, na kwamba safari hii amebahatika. Neno "safari hii" lilimwingia.

Hofu yake haikuwa ya kufa. Alisi alikuwa ametangulia, na kanisani walishamzoesha habari hizo. Hofu yake ilikuwa Mbambu. Katika watoto wake saba, sita walikuwa na maisha yao. Mbambu alipatwa na polio utotoni, mguu wa kulia ukabaki mwembamba, na hakuolewa. Alikuwa akishona nguo barazani kwa cherehani ya mkono. Nyumba ile ilikuwa karibu na barabara, na wateja walimfika bila yeye kupanda mlima. Nje ya nyumba ile angeishije? Mkubwa wao, Kambale, afanyaye kazi kiwandani kule Hima, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na watoto wanne kwenye vyumba viwili vya kupanga, na alishasema mara mbili tatu kwamba kiwanja cha barabarani kama kile kikiuzwa, kila mtu angepumua.

Basi Nobert aliandika wasia wa kumi na mbili, wa kwake. Nyumba na kiwanja chake, kwa Mbambu. Vilivyobaki, kwa wote saba. Aliwaita, akalitoa benchi. Mbambu alitia sahihi wa kwanza, Kambale wa pili, na kwa kuwa mbuzi alikuwa amenona, siku ilipita kwa amani.

Redioni walikuwa wamesema kwamba ni vizuri nakala ya wasia ikae kwa wakili. Nobert akavaa koti lake la harusi za watu, akaenda Kasese, kwenye ofisi ndogo ya msaada wa sheria. Alimkuta mwanasheria kijana aitwaye Kukunda, binti wa Kigezi, ambaye Lhukonzo, lugha yetu, haikumpanda, na Nobert naye Kiingereza chake kilikuwa cha mgodini. Wakakutana kwenye Kiswahili.

Kukunda alisoma ukurasa wote, akatabasamu. "Mzee, hii mwandiko ni mzuri sana. Nani alikuandikia?"

"Ni mimi mwenyewe," alisema Nobert, akaegemea nyuma kidogo.

Kukunda akafika chini. Tabasamu likapungua. "Huyu Mbambu wa kupewa nyumba, na huyu Mbambu ameweka sahihi hapa kwa shahidi, ni mtu mmoja?"

"Mmoja. Mutoto yangu."

"Na hawa wengine sita?"

"Wote watoto. Kila mutu mwenye anapata kitu, ametia sahihi. Hakuna mwenye atasema hakujua." Alitikisa kidole juu ya meza. "Mimi naandika makaratasi tangu wewe haujazaliwa."

Kukunda aliiweka karatasi chini taratibu. Hakumcheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Mzee wangu, kwa kuuza shamba hiyo ni sawa. Kwa wasia inageuka. Shahidi wa wasia anatakiwa awe mtu hana faida yoyote ndani. Mwenye kupewa kitu akiweka sahihi kama shahidi, ile kitu yake inakufa. Hata kama ni bwana yake au bibi yake ameweka, inakufa vilevile. Wasia inabaki, lakini yeye hapati."

"Inakufa namna gani?"

"Kama haukuandika. Hii nyumba itarudi kwa mafungu ya watoto wote saba. Na nyumba moja kwa watu saba, mzee, unajua watafanya nini. Watauza."

Nobert alibisha. Alibisha kwa nusu saa, na alibisha vizuri, maana alikuwa na mifano ya miaka thelathini. Kukunda alimfungulia kitabu cha sheria, akamsomea kifungu, akamtafsiria, akamsomea tena. Mwisho akamwambia jambo hili si gumu, karatasi hii ichanwe, iandikwe nyingine, waitwe watu wawili wasiopewa kitu, wamwone akitia sahihi kwa macho yao, kisha watie wao. Hata yaliyomo ndani si lazima wayajue. "Wewe uko hai, mzee. Hii inatengenezwa leo."

Nobert alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa akiona ulimi wa Docus ukichungulia kati ya midomo, na herufi zile tano kubwa za buluu.

"Na kama mwenye wasia alishakufa?" aliuliza.

"Hapo hakuna mtu anaweza kutengeneza."

"Na kama mwenye alipewa shamba hakuwa mutoto? Ni dada ya marehemu?"

"Watoto wanaingia kwa mlango mwingine, kwa sababu ni watoto. Dada hana mlango." Kukunda akamtazama. "Mzee, ulimwandikia nani?"

Nobert alikunja karatasi yake. Aliomba maji. Alipotoka nje aliketi kwenye ngazi za ofisi na koti lake la harusi, watu wakampita wakidhani anangoja mtu, na hapo ndipo mzee wa miaka sabini na nne alipolia. Najua wapo watakaosema hakukusudia. Ni kweli hakukusudia. Lakini shamba la Kyondo lilikuwa limekwenda, na mkono uliolipeleka ulikuwa wake.

Nyumbani alimweleza Mbambu yote. Mbambu alisikiliza huku akikunja kitambaa.

"Tata, yetu utaandika ingine kesho," alisema. "Hiyo si kazi. Lakini wale wengine?"

"Nitaenda nyumba kwa nyumba."

"Na mama Docus?"

Nobert aliinuka, akaenda kutafuta daftari lake la nakala. Mbambu naye hakumsukuma.

Kwenda nyumba kwa nyumba kulimchukua mwezi mzima. Kwa neema ya Mungu wale kumi waliobaki walikuwa hai wote, ingawa baadhi yao kwa shida. Alitembea na daftari lake la nakala na fimbo, akipumzika kila penye kivuli kama Gorret alivyomwagiza. Kila alipofika alisema maneno yaleyale: nilikuandikia vibaya, nimekuja kurekebisha. Si maneno mepesi kwa mtu ambaye maisha yake yote aliitwa arekebishe ya wengine. Wengine walimpokea vizuri. Mzee mmoja alidai mbuzi wa pili achinjwe kwa gharama ya Nobert, na akachinjwa. Bibi mmoja alimfukuza, akimwambia amekuja kumletea kifo mara mbili; ilibidi arudi na mchungaji. Vijiweni maneno yalizagaa kwamba Baluku amezeeka, mkono umemdanganya. Watu wa mikataba wakaanza kupita moja kwa moja hadi kwa vijana wa kompyuta. Ilimuuma, nisiseme uongo. Lakini wasia zote kumi zilisimama upya, na mashahidi wake walikuwa watu wa nje.

Ikabaki nyumba moja, ambayo haikuwa na wasia wa kurekebisha.

Alimkuta Docus chumbani kwake nyuma ya soko, anachekecha unga. Alimwekea kigoda. Nobert alikataa kukaa.

"Docus, nimekuja kusema jambo. Ile shamba ya Kyondo, si wale vijana peke yao walikunyang'anya. Ni mimi. Niliandika vibaya. Nilikuweka shahidi, na sheria inakataza."

Docus, aliyezoea kumwita yaya, yaani kaka, hakuacha kuchekecha. "Najua, yaya."

"Unajua?"

"Ile siku ya mwisho, mutu moja ya tribinali alinielezea. Akasema, mama, shamba imepotea juu ulitia jina yako hapa chini." Aligonga chekeche kwa kiganja, unga ukashuka. "Nikajua ni mi. Ni mi nilikimbilia kalamu. Bale bengine balingoja, mi nikakimbia, juu nilitaka batu baone najua kuandika. Ni kiburi yangu iliniuzia shamba ya kaka."

Nobert alishika mlango. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa kama yule bibi. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Hukumwambia mtu?"

"Niseme nini? Nilikuwa na haya. Hata wewe nilikuogopa, kwa vile uliandika vizuri, na mi nikaharibu."

"Docus." Nobert aliinama ili amtazame usoni. "Kalamu nilikupa mimi. Ni mimi nilisema uanze. Wewe ulifanya vile mwandishi alikuambia. Wewe hauna kosa, hata kidogo."

Sasa mikono ya Docus ilisimama. Unga ulikuwa umempanda hadi kwenye viwiko.

"Kumbe ningetia kidole, ingekuwa tu ileile?"

"Ileile."

"Na kama singetia kitu?"

Nobert angeweza kusema uongo hapo. Alipiga moyo konde. "Shamba ingekuwa yako mpaka leo."

Docus aliweka chekeche chini. Akautazama mkono wake wa kulia, akaufuta kwenye kitenge, akautazama tena. "Miaka mbili, yaya," alisema. "Miaka mbili nauchukia huu mukono."

Alilia bila kujificha uso. Nobert alipiga magoti pale mlangoni, jambo ambalo mzee wa Kikonzo halifanyi mbele ya mwanamke, akamwomba msamaha. Docus hakumpa. Alimwambia tu, "Enda, yaya. Niache nilie kwanza." Nobert akaenda.

Wiki tatu hakusikia neno kutoka sokoni. Katika wiki hizo aliandika wasia wake upya, akaufuta, akauandika tena, na aliandika polepole kuliko alivyowahi kuandika chochote. Aliwaita watoto, akawaeleza kila alichokusudia na sababu yake. Kuna jambo moja Kambale hakulipenda. Alitoka nje, akazunguka ua mara kadhaa, akaenda hadi kwenye mibuni ya nyuma, ile mia moja na ishirini aliyoipanda pamoja na baba yake akiwa mvulana. Aliporudi uso ulikuwa bado mzito.

"Ni kalamu yako, Tata," alisema. "Na ni sisi tulikula nyama ya ile siku ya mzee Sunday."

Siku ilipangwa, Jumapili mchana baada ya kanisa. Mashahidi walikuwa wawili: Gorret wa zahanati na Mwalimu Twinomujuni, jirani. Nobert alimtuma Mbambu mwenyewe, kwa pikipiki, akamwalike Docus kwa chakula. Wakangoja. Bundu, ugali wa muhogo, ilishasongwa, mbuzi ameiva, na Nobert alikuwa amekata tamaa alipomwona akiingia uani na mfuko wa unga kichwani, amevaa kitenge kipya. Alisalimu watu wote. Alipofika kwa Nobert alimpa mkono, na safari hii macho hakuyaweka chini.

Benchi la mvule lilikuwa mbele ya meza kama kawaida. Lakini ukutani, chini ya dirisha la cherehani, palikuwa na benchi jingine dogo, na watoto wote saba walikuwa wamebanana hapo. Wageni waliwashangaa kidogo. Docus, kwa kuwa ni mgeni wa heshima, aliketishwa mbele, karibu na mwalimu.

Nobert alitia sahihi yake, mashahidi wakimwangalia. Gorret akatia. Mwalimu Twinomujuni akatia, na kwa mazoea ya karatasi nyingi alizowahi kula nyama yake uani pale, akampitishia kalamu aliyekuwa pembeni yake.

Ilikuwa kalamu ileile nzito ya buluu. Docus aliitazama. Mkono wake ulirudi nyuma, ukajificha kwenye kitenge, na ua mzima ukamtazama, maana sasa habari ile ilikuwa imeshajulikana. Kisha taratibu ukatoka. Akaipokea kalamu.

"Nitamutilia yaya Nobert," alisema, na aliwatazama watu ili wasikie. "Siogopi tena. Mi sina kitu humu ndani. Jina yangu haitaharibu kitu."

Akainama juu ya karatasi.

"Docus," alisema Nobert. "Weka kalamu chini."

Aliinua kichwa, uso umemwiva kwa haya. "Mbona, yaya? Si banasema shahidi awe mutu hana kitu?"

"Ndivyo wanasema."

"Basi?"

Nobert aligeuka, akatazama nyuma ya nyumba kwenye mibuni, kisha akatazama benchi la ukutani. Kambale alikuwa ameinamisha kichwa. Ni Mbambu aliyesogea, akauvuta ule mguu wake mwembamba ili kuacha nafasi, akapigapiga mbao kando yake.

"Kuja ukae huku, mama," alisema. "Huku ni kwa sisi wenye tunapewa. Sisi hatutii sahihi."

Docus, kalamu mkononi, alimtazama Mbambu, akamtazama mzee. Kisha akaiweka mezani kwa mikono miwili, akavuka ua, akaketi. Mbambu akaushika ule mkono wake wa kulia, akawa ameushika mpaka chakula kilipoletwa.